Mizunguko 83 kwa Dakika 3

Nilibandika kipande cha karatasi nyeupe, kidogo kama ukucha wa mtoto, pembezoni mwa sinia la pleya, nikafungua saa ya simu na kuanza kuhesabu. Santuri ndefu ya inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, kwa hiyo katika dakika 3 kamili kipande kile kilipaswa kupita mbele ya kidole changu mara 100. Kilipita mara 83. Nilirudia nikidhani nimesinzia katikati, kwa kuwa ilikuwa saa nne usiku na mchana kutwa nilikuwa nimesimama darasani, lakini hesabu ilikuwa ile ile. Ndipo nilipoelewa kwa nini waimbaji wote katika santuri za baba mdogo walikuwa wakiimba kama watu wenye mafua walioamshwa kabla ya wakati wao.

Santuri hizo alinikabidhi yeye mwenyewe alipohamia nyumba ndogo zaidi huko Ng'ambo, zikiwa ndani ya kasha la mbao alilotengenezewa na seremala mwenzake kazini. Zilikuwa 146, karibu zote za inchi 7 na za mizunguko 45 kwa dakika. Baba mdogo alikuwa mtu wa reli, na kwa mpenzi wa muziki wa enzi zile hapakuwa na kazi nzuri zaidi ya hiyo wala mji mzuri zaidi ya Tabora. Reli iliyofika hapa mwaka 1912 iliendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na njia ya Mwanza nayo huchepukia hapa hapa. Kwa hiyo muziki wa Kongo ulimjia kutoka upande wa ziwa moja, wa Nairobi ukamjia kutoka upande wa ziwa jingine, na wa nyumbani haukuhitaji hata tiketi, maana Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zote zilikuwa bendi za mji huu. Hata hizo za nyumbani, santuri zake nyingi zilitengenezwa Nairobi. Baba mdogo husema kwamba mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukakaa hivyo hadi mwaka 1983, kasha lake liliacha kuongezeka uzito.

Yeye alizipigia kwenye pleya ndogo ya kubeba mkononi, yenye spika ndani ya kifuniko, iliyotumia betri sita kubwa za tochi. Pleya hiyo ilikwisha kufa nilipopewa kasha. Sindano yake niliikuta imelika upande mmoja, na ukiiangalia kwa lenzi ya darasani inaonekana kama patasi. Nilijua tangu siku hiyo kwamba baadhi ya santuri zile zimekatwa na patasi hiyo kwa miaka kadhaa, nami bado nilitaka kuzisikia vizuri kuliko alivyowahi kuzisikia yeye.

Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Marekani alininunulia pleya iliyotumika, ya hadhi kabisa, ya kuzungushwa kwa mkanda, yenye sinia la aluminiamu zito kama chungu cha pilau na mkono mwembamba uliotulia. Nilimrudishia fedha kwa mafungu matatu. Ilisafiri ndani ya kontena la mtu mwingine hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda basi. Nyuma yake palikuwa pameandikwa volti 120, hezi 60. Nikaenda dukani, nikanunua transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230 hadi ule unaotakiwa, nikachomeka, sinia likazunguka, nikafurahi. Sasa, mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi nimewaandikia watoto wa watu ubaoni kwamba transfoma hubadilisha volti lakini haigusi masafa, yaani idadi ya mitikisiko ya umeme kwa sekunde inayopimwa kwa hezi, na katika mtihani nimewanyang'anya alama waliosema vinginevyo. Kumbe somo niliwafundisha wao tu.

Mota ya pleya za namna hiyo haifuati volti. Inafuata masafa ya umeme, kama mcheza ngoma anavyofuata mpigaji. Iliyotengenezwa ikiwa na ncha 24 za sumaku hugeuka mara 300 kwa dakika kwenye hezi 60, na kwenye hezi 50 za kwetu hugeuka mara 250, hata ungeipa volti zinazoitosha kabisa. Gawanya 250 kwa 300 utapata tano ya sita, na tano ya sita ya 100 ndiyo 83 yangu. Kwa wanaopiga gitaa, huo ni upungufu wa freti tatu kamili. Nilikuwa nimekaa wiki mbili nikisikiliza bendi nzima ikiwa imeshushwa freti tatu, nikiwaza kwamba labda nahitaji spika mpya.

Nalisema hili mapema kwa sababu wengi tulioingia katika ugonjwa huu tumejifunzia maandishi ya watu wa mbali, na maandishi hayo huanzia pale ambapo umeme, sakafu na vumbi si hoja tena. Humwambia mtu abadilishe katriji, kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, kisha kisanduku cha fono kinachokuza sauti yake, kisha nyaya, kisha arudi kwenye katriji. Kuna kundi linaloapa kwamba fedha zote zianzie kwenye pleya, maana kilichopotea hapo hakipatikani tena mbele, na kuna jingine linaloapa kwa spika. Mimi nimetumia fedha katika pande zote mbili, na katika chumba changu cha Tabora mabadiliko makubwa matatu ya kwanza hayakuwamo katika ubishi wa kundi lolote.

La kwanza lilikuwa puli. Mkanda hupita kwenye puli ndogo iliyo kwenye mhimili wa mota, na kama mota inageuka polepole, dawa ni puli nene zaidi. Yangu ilikuwa na milimita 15 pale pa mizunguko 33. Nilizidisha kwa sita ya tano nikapata 18, nikachora mchoro wenye ngazi mbili, ya 33 na ya 45, nikaupeleka kwa fundi mkerezaji ambaye kazi zake za kila siku ni bushi za magari na vipuri vya mashine za kusaga. Aliigeuza ile puli ya zamani kiganjani mwake kwa muda mrefu.

"Mwalimu, hii ya kitu gani?"

"Ya gramafoni."

"Gramafoni!" Akamwita kijana wake aje aione.

Aliikereza kwa shaba iliyotoka kwenye valvu ya bomba la maji, kazi safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Niliporudi nyumbani na kuhesabu, kwa dakika 3 nilipata 99 na kidogo, na ile "na kidogo" ikaninyima raha. Nikahesabu kwa dakika 9: mizunguko 298 badala ya 300. Nilikaa jioni nzima nikitafuta kosa kwenye mkanda, kwenye mafuta ya mhimili, kwenye saa ya simu, hadi nilipokumbuka kwamba kinachovuta si uso wa puli peke yake. Mkanda una unene wake, na kipenyo cha kupigia hesabu ni cha puli pamoja na unene huo. Mkanda wangu una milimita 0.6. Kwa hiyo ilinipasa kuzidisha 15.6, nipate 18.72, kisha nitoe 0.6: puli ya milimita 18.12. Nilirudi kwa fundi nikiwa nimeinamisha kichwa. Alicheka, akaniuliza kama kweli sehemu ya kumi ya milimita naisikia kwa masikio. Nilimwambia siisikii, lakini nimeihesabu, na baada ya kuihesabu siwezi kuacha kuisikia. Alinikerezea ya pili kwa nusu ya bei, na nadhani alifanya hivyo kwa huruma.

Puli haiwezi kutibu masafa yanayoyumba. Umeme ukikatika na jenereta ya jirani ikachukua zamu, mota hufuata pumzi ya jenereta: ikielemewa na pasi au friji, wimbo hushuka, mzigo ukiondoka, wimbo hupanda. Mfumo wa sola niliokuwa nao tayari kwa ajili ya taa ndio ulionitoa humo, kwa sababu inveta yake hutoa umeme wa wimbi safi wa hezi 50, na masafa hayo inayatunza ndani yake yenyewe bila kumsikiliza jirani. Inveta ya bei ya chini, ile yenye wimbi la ngazi ngazi, niliijaribu kwanza. Mota ikanguruma kama paka aliyeshikwa mkia, nami nikaizima kabla haijaungua.

Kuna watakaonikasirikia kwa hili, ila kama mtu wa huku ananiuliza leo aanze na nini, nitamwambia atafute pleya inayogeuzwa na mota yake moja kwa moja na kuongozwa na fuwele ya kwazi, ile itunzayo mwendo kama katika saa ya mkononi, ya aina ya Technics SL-1200. Ya kwanza ilitoka mwaka 1972, na toleo la MK2 la mwaka 1979 ndiyo iliyoingiza fuwele hiyo. Mashine ya namna hiyo haijali hezi 50 wala 60. Wapenzi wa pleya za mkanda husema mota iliyo chini ya sinia hupeleka mtetemo kwenye sindano, na huenda katika nyumba tulivu kuliko yangu wanausikia. Mimi nimeendelea na mkanda wangu kwa sababu moja tu, kwamba puli yake nimeitolea jasho.

Baada ya ushindi wa puli nilivimba kichwa. Nilisoma sana kuhusu katriji za koili tembezi, nikashawishika kwamba mtu mwenye pleya ya hadhi hawezi kukaa na nyingine. Katika katriji ya kawaida, sumaku ndogo iliyo kwenye mkia wa kijiti cha sindano hucheza katikati ya koili zilizotulia. Katika zile nyingine, koili ndiyo inayocheza na sumaku ndiyo imetulia. Koili inayobebwa na sindano lazima iwe nyepesi mno, na koili nyepesi ina mizunguko michache ya waya, kwa hiyo umeme inaotoa ni kidogo sana. Nilinunua Denon DL-103, katriji iliyobuniwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya matumizi ya redio ya NHK na inayotengenezwa hadi leo. Sina lawama nayo hata moja. Inatoa milivolti 0.3, wakati katriji ya kawaida hutoa 3.5 au zaidi, na mimi sikuwa na kisanduku cha fono cha kuikuza kiasi hicho. Niliongeza sauti ya amplifaya hadi mwisho. Muziki ulikuja kwa mbali, na juu yake ulikaa mvumo mzito kama wa nyuki ndani ya mzinga, tena mzinga uliopigwa teke. Isitoshe, katriji hiyo ina kijiti kigumu kinachotaka mkono mzito, na mkono wangu ni mwepesi, kwa hiyo nikabandika sarafu juu ya kichwa chake kwa selotepu. Wageni waliuliza kama ile sarafu ni dawa ya kienyeji.

Kilichoniondoa hapo hakikuwa mvumo, kwani mvumo una tiba: kisanduku kingine, au transfoma ndogo ya kuinulia mawimbi. Ni swali ambalo sikujiuliza kabla ya kulipa. Sindano ya katriji ya koili tembezi ikilika au ikivunjika, mwenye katriji hawezi kuichomoa na kuweka nyingine. Katriji nzima lazima irudi kwa mtengenezaji au iende kwa fundi maalumu nje ya nchi. Nina watoto wawili, na yaya ana kitambaa cha vumbi anachokitumia kwa bidii. Katriji ya sumaku tembezi, ile ya kawaida, sindano yake hutolewa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na mpya hufika kwa basi ndani ya bahasha. Kwa mtu anayekaa Tabora tofauti hiyo inazidi kila sifa nyingine iliyoandikwa kwenye boksi. DL-103 imelala kabatini ndani ya pamba ikisubiri siku watoto watakapokwenda bweni.

Nikahamia kwenye Audio-Technica ya jamii ya VM95. Uzuri wa jamii hii ni kwamba mwili ni mmoja na sindano ni sita, kuanzia ya ncha ya duara hadi ile iliyochongwa kama ukingo wa wembe, pamoja na moja nene ya santuri za kale za mizunguko 78. Nilianza na ya duaradufu, ambayo ni ya bei ya kati. Kisha, baada ya miezi minne ya kujinyima, nikachomoa hiyo na kuchomeka ile ya wembe, inayojulikana kwa herufi ML.

Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu hili ndilo badiliko pekee la fedha nyingi ambalo halijanijutisha. Mfereji wa santuri una umbo la herufi V, na sindano ya ncha ya duara haigusi kuta zote mbili kutoka juu hadi chini. Inagusa sehemu moja ndogo katika kila ukuta, karibu na katikati. Pleya ya betri ya baba mdogo ilipita hapo hapo kwa miaka yake yote, na hapo ndipo ilipokula. Ukiweka sindano nyingine ya duara, hata iwe ya katriji ya bei ya ng'ombe, itapita katika barabara ile ile yenye mashimo. DL-103 nayo ina ncha ya duara ya mikroni 16.5, na hivyo ilinisomea mashimo kwa uaminifu mkubwa. Ile ya wembe hugusa ukuta kwa mstari mrefu wa kusimama, ikashika na sehemu za chini ambazo hakuna sindano iliyowahi kuzifikia. Wimbo wa kwanza niliojaribu ulikuwa na gitaa la pili ambalo sikuwahi kujua kwamba lipo. Nilikuwa nimeishi na wimbo huo tangu utotoni, na kumbe nyuma ya mwimbaji alikuwapo mtu aliyekuwa akikuna nyuzi mbili tu, bila kupumzika, wimbo mzima.

Si santuri zote zilizofufuka. Nilizitenga mafungu matatu: zilizonufaika, ambazo ni kama nusu; zisizobadilika; na ishirini na kitu ambazo zilizidi kuwa mbaya, kwa kuwa sindano inayosoma kila kitu husoma na mikwaruzo. Hizo nazipigia sindano ya duaradufu. Kubadilisha kunachukua nusu dakika.

Uzito wa sindano niliupima kwa mizani ya dhahabu ya rafiki yangu anayefanya biashara Nzega, ambako mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu ni kitu cha kila siku. Katriji hii inataka gramu 2. Mwanzoni nilikuwa nimeweka gramu 1, nikiamini kwamba naihurumia santuri, na mambo ni kinyume: sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuzigonga kuta, na kila pigo hubaki.

La pili kati ya yale matatu ni karatasi ya kupangia pembe ya katriji. Mkono wa pleya umefungwa upande mmoja na unachora tao, wakati mashine iliyokata mfereji ilisafiri kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo sindano inakaa sawasawa na mfereji katika sehemu mbili tu za santuri, na kazi ya mpangaji ni kuchagua hizo mbili ziwe wapi. Mpangilio unaotumika sana, wa Baerwald, huziweka milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati ya mhimili. Nilichapisha karatasi yake kwenye stationari moja ya mjini, nikapanga kwa saa nzima nikiwa nimepiga magoti, na nyimbo zikaendelea kukwaruza kila zilipokaribia lebo. Baada ya mwezi mzima nilichukua rula. Palipoandikwa 120.9 palikuwa na milimita 116. Printa ilikuwa imeupunguza mchoro kidogo ili uenee vizuri kwenye karatasi, na mimi niliipanga katriji yangu kwa ustadi mkubwa mahali pasipo pake. Nilichapisha upya kwa kipimo kamili, na safari hiyo nikachagua mpangilio wa Stevenson, ambao sehemu zake ni milimita 60.3 na 117.4, kwa kuwa santuri za inchi 7 huishia ndani sana karibu na lebo na ndiko nilikokuwa naumia. Gharama ilikuwa shilingi mia mbili, mara mbili.

Badiliko la tatu nililolitaja halina hata jina la kujivunia. Karibu santuri zote za kasha lile ni za mono, yaani za njia moja ya sauti, na mfereji wa mono huyumba kushoto na kulia tu. Katriji ya stirio, yaani ya njia mbili, husoma na mwendo wa juu na chini, ambao kwenye santuri ya mono hauna muziki wowote. Una vumbi, mikwaruzo, na miguno ya plastiki iliyochoka. Ukiziunganisha njia mbili kuwa moja, mwendo wa juu na chini unajifuta wenyewe, maana unafika katika njia hizo ukiwa umepingana, na mwendo wa ubavuni unabaki na kuimarika. Nilichomelea swichi ndogo na resista mbili baada ya kisanduku cha fono, kazi ya robo saa. Nilipoibonyeza mara ya kwanza, mke wangu aliyekuwa jikoni aliuliza kama mvua imekatika. Ile sauti ya kukaanga iliyokuwa imefunika nyimbo zote ilipungua zaidi ya nusu, na sijui katriji ya fedha ngapi ingefanya hivyo.

Kisanduku cha fono nacho nilikuja kukibadilisha, nami sitakisema sana. Kazi yake ni kukuza na kusawazisha, kwa kuwa wakata santuri hupunguza besi na kuongeza sauti nyembamba kwa kanuni iliyokubalika tangu mwaka 1954, iitwayo RIAA, na kisanduku lazima kiyageuze yote hayo kinyumenyume. Amplifaya nyingi za madukani siku hizi hazina mahali pa fono, na ukichomeka pleya kwenye tundu la kawaida la AUX utapata sauti isiyo na tumbo. Nilipotoka kwenye kisanduku cha bei ndogo kwenda cha bei ya wastani, besi iliacha kujikwaa. Nilipoazima cha bei kubwa kwa wiki moja, sikuona kilichonizuia kukirudisha.

Sakafu zetu za saruji ni neema ambayo hatuisemi. Watu wenye nyumba za sakafu za mbao huhangaika na meza maalumu ili nyayo za mpita njia zisirushe sindano; mimi huwa naruka karibu na pleya ili kuwaonyesha wageni. Kinachonisumbua ni treni ya mizigo ya usiku, kwa maana nyumba yangu haiko mbali na stesheni, na spika zenyewe zilipokuwa juu ya kabati moja na pleya zilianzisha mlio wa kujilisha, sauti yao ikirudi kwenye sindano. Niliihamishia pleya kwenye ubao wa mninga wenye unene wa sentimita 6, ulioegemea mipira minne ya tenisi iliyokatwa nusu. Treni bado naisikia, lakini kwa masikio yangu tu, wala haipiti tena kwenye spika.

Na vumbi. Kuanzia Juni mji huu unakauka, hewa inakuwa na umeme tuli, na santuri ikitolewa kwenye bahasha yake inavuta unga mwekundu kana kwamba imeuita. Nazisafisha kwa maji yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa maji tena, tone la sabuni ya vyombo na brashi laini, nikiinamisha santuri ili lebo isilowe. Maji hayo huuzwa pia kwa ajili ya betri za magari, ila uliza mara mbili, maana chupa ya jirani yake yenye rangi ile ile ni asidi. Spiriti naitumia kidogo sana kwenye vinili, plastiki ya santuri za kawaida, na kwenye zile za mizunguko 78 siitumii kabisa, kwa sababu zimetengenezwa kwa sheleki, na spiriti huiyeyusha sheleki.

Baba mdogo alikuja Jumapili moja baada ya ibada, kila kitu kikiwa mahali pake. Nilimkalisha kwenye kiti cha katikati, nikamsalimu upya kama mgeni rasmi, nikaweka santuri ya Tabora Jazz ambayo lebo yake ina jina lake kwa wino. Alisikiliza upande wa kwanza hadi mwisho akiwa amefumba macho. Nikageuza, kwa kuwa kama nyingi za wakati ule wimbo huendelea upande wa pili na hapo ndipo magitaa hufunguliwa. Aliusikiliza nao.

"Ni safi," alisema. "Ni safi sana, mwanangu. Ila mbona wanavuta miguu?"

Nilimweleza kuhusu puli. Nilimwonyesha kipande cha karatasi, nikahesabu mbele yake kwa dakika 3 hadi 135, ambayo ndiyo haki ya mizunguko 45. Alitikisa kichwa kwa upole wa mtu asiyetaka kumvunja moyo mwenye nyumba. Wimbo huu aliucheza yeye, alisema, akiwa na viatu vya ngozi na mama mdogo mkononi, na miguu yake inajua ulikuwa unakwenda vipi. Ile pleya ya betri, akakumbuka baadaye akinywa chai, fundi mmoja wa Kanyenye aliwahi kuifungua na kukaza kitu ndani, na tangu hapo ilikuwa "na mwendo."

Selotepu ya kawaida ina unene wa kama sehemu ya ishirini ya milimita. Ukiizungusha kwenye puli mara moja, kipenyo huongezeka kwa sehemu ya kumi; mara nne kwenye ngazi ya 45, na mwendo unapanda kwa asilimia moja na nusu au zaidi kidogo. Tulijaribu mizunguko miwili, akasema bado. Mitatu, akaanza kugonga kiti kwa vidole. Kwenye mzunguko wa nne alisimama.

Sasa kila Jumapili akitarajiwa, naizungusha selotepu kwenye shaba ile iliyokerezwa mara mbili, na jioni akiondoka naibandua kwa ukucha, nafuta gundi, halafu nahesabu.